Taa ya Pikipiki Namba Saba

Mtoni, Temeke
Jumatatu, 2 Juni 2025

Albano wangu,

Leo ni siku ya thelathini na saba tangu padri aunganishe mikono yetu, na bado nikipita mbele ya kioo narudi nyuma hatua moja kumwangalia mke wa mtu. Jana muuza nyanya aliniita "bibi harusi", nikanunua na fungu la pili ambalo sikulihitaji. Shati lako la bluu nimekataa kulifua. Nalala nalo. Ukirudi utalikuta halifai kuvaliwa na binadamu, na sitaomba radhi.

Tangu uende Liwale kusuka nondo za hilo daraja, simu yako inanijibu kwa sauti ya yule dada asiyechoka kwamba hupatikani. Namshukuru Fredrick, dereva wa lori la saruji, aliyekubali kubeba barua zetu kila anapopakia Kurasini. Mara yangu ya mwisho kuandika barua ilikuwa kwenye mtihani wa kidato cha nne, na ile nilimwandikia mkuu wa shule wa kubuni. Hii ni tamu zaidi.

Sasa jambo lenyewe, na usishtuke. Pikipiki yetu ni nzima. Ila taa ya mbele inazima. Haijaungua, inazima tu inapojisikia, halafu inawaka tena. Juzi alfajiri binamu yako Valerian alikuwa anampeleka mama muuza vitumbua, wako kwenye ile barabara ya vumbi nyuma ya shule, mara mbele kukawa kweusi kama mtu kafunika dunia kwa sufuria. Mama wa watu akapiga kelele, "Jamani, mbona umefumba macho?" Valerian akasimama, akashuka, akainama kuitazama taa. Ikawaka. Akapanda, akaondoka. Ikazima.

Ningekuacha na nondo zako kwa amani, lakini kijiweni kuna tangazo. Wiki iliyopita kijana wa kijiwe cha jirani aligongwa na lori kwa nyuma kwa sababu hakuwa na taa. Amevunjika mguu, anaendelea vizuri. Basi mwenyekiti wetu Nassibu ametangaza ukaguzi wa taa Jumamosi tarehe 28. Kila pikipiki itawashwa na kuzungushwa mbele yake. Taa ikizima, namba inafutwa na kupewa aliye kwenye foleni, na foleni ina watu wanne. Ulisubiri namba saba mwaka mzima na zaidi. Ulimwachia Valerian pikipiki ili tu isikosekane kijiweni wiki mbili ukanyang'anywa namba. Sitaki urudi ukute tuna pikipiki isiyo na pa kusimama.

Niambie tufanye nini. Wewe ndiye mwenye akili ya umeme katika nyumba hii. Nyumba hii! Nimeandika "nyumba hii" na moyo umeruka kama chura.

Wako kwa pete na kwa cheti,
Adelina


Kambi ya daraja, Liwale
Ijumaa, 6 Juni 2025

Adelina mke wangu,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara mbili nilikuwa juu ya nondo, msimamizi akaniuliza kama nimepata msiba. Nimemwambia nimepata mke.

Kuhusu taa, usihangaike, hilo kwangu ni jambo dogo. Umeme nimeujua siku nyingi. Mpeleke Valerian kwa fundi Brightson, afanye hivi. Abadilishe globu, kwa sababu globu inaweza kuwa imelegea ndani, ikitikisika inakata. Kisha afungue swichi ya taa kwenye usukani, aisafishe kwa petroli, vumbi la Mtoni unalijua. Kisha akaze viungo vya waya nyuma ya taa.

Unijibu na haya. Honi inalia taa ikiwa imezima? Indiketa je? Na taa ya nyuma inazima nayo au inabaki? Haya ni maswali muhimu sana, usiniulize kwa nini.

Halafu mwambie Valerian aandike mwenyewe. Yeye ndiye anayepanda, yeye ndiye anayeona. Wewe unaniandikia vizuri mpaka nasahau kutafuta ubovu.

Chakula cha hapa ni maharage. Nikifumba macho nasikia harufu ya wali wako wa nazi, nikifumbua naona maharage.

Mumeo,
Albano


Mtoni
Jumanne, 10 Juni 2025

Albano wangu, fundi wangu, kichwa changu,

"Nimepata mke"! Nimeikata ile sentensi kwa mkasi nikaibandika mlangoni kwa ndani. Samahani, nyuma yake ulikuwa umeandika habari za swichi, lakini nilishazikariri.

Tumefanya yote. Globu mpya. Swichi imesafishwa, imetoa vumbi la kupanda mchicha. Viungo vimekazwa. Fundi Brightson akapanda mwenyewe, akazunguka uwanja mara tatu, taa inawaka kama jua. Akashuka kwa maringo, akasema, "Chukueni chombo chenu." Valerian akapanda. Hajafika hata kwenye duka la dawa, giza! Akarudi. Brightson akapanda tena, mwanga. Wakabadilishana hivyo mara nne, mpaka vijana wa pale wakaanza kubashiri. Mwishowe Brightson akakaa chini juu ya ndoo ya oili, akasema, "Shemeji, hii pikipiki inachagua watu. Mimi ni fundi, sio mganga. Mkamwite padri aje na maji yake."

Majibu ya maswali yako. Taa ikizima, honi inalia. Indiketa zinamulika. Lakini taa ya nyuma inazima pamoja na ya mbele, kwa sekunde ileile, kama mapacha. Na kuna kitu kingine: inazima zaidi kwenye tuta na kwenye kona ya kushuka, pale unapokaza mapaja na tangi linakuunguza kidogo kwa joto, na upepo unapita chini ya kidevu. Hapo ndipo.

Nimechanganyikiwa, mume wangu. Usiku naota waya. Jana nimetia chumvi mara mbili kwenye mboga, nikakumbuka kuwa hata hiyo ni dalili ya mapenzi, nikala yote.

Valerian nitamwambia aandike. Ana shughuli nyingi.

Wako anayekusubiri kama Krismasi,
Adelina


Yadi ya makontena, Kurasini
12/6/2025

Shem Adelina,

Mambo vipi. Ujumbe wako umefika, nimeusoma wakati wa chai. Sasa shem, mie nitaandikaje habari za taa ambayo sijaiona ikizima? Pikipiki niliiendesha siku tatu tu, tarehe 21 mpaka 23 mwezi wa tano. Siku tatu hizo taa ilikuwa inawaka fresh. Tarehe 24 nikaitwa huku kwenye makontena, nikakuachia ufunguo, ukaniambia "nenda tu, mie nitajua la kufanya". La kufanya lenyewe kumbe ndo kuvaa kofia ngumu na kukaa kijiweni namba saba! Nimekuona kwa macho yangu pale Mtoni umempakia mama na beseni lake. Nikasema huyu ni nani, kumbe ni shem wangu.

Mie sikulaumu. Unaendesha vizuri kuliko nusu ya wale masela. Ila braza Albano anavyoogopa wewe kupanda hicho chombo unamjua mwenyewe. Uongo wako mie siubebi, lakini siutoboi pia. Nimeandika kikaratasi cha braza, nimeweka humu humu. Nimeandika ukweli wangu tu, mistari miwili.

Valerian

(Kikaratasi:) Braza Albano, shikamoo. Mie nikiwa juu ya pikipiki taa haijawahi kuzima hata mara moja. Kazi njema. Valerian.


Liwale
Jumanne, 17 Juni 2025

Adelina,

Sasa nimechanganyikiwa rasmi. Wewe unaandika Valerian akipanda taa inazima. Valerian anaandika yeye akipanda taa haizimi. Brightson akipanda inawaka. Nimezipanga barua zenu juu ya kitanda kama karata na sioni nani ana dume. Kuna mtu kati yenu haangalii vizuri, na mimi niko kilomita sijui ngapi, nimeshika koleo la nondo.

Lakini nimefikiri sana, na haya ndiyo niliyoyapata. Pikipiki kama yetu ina matumbo mawili ya umeme. Honi na indiketa zinakula kwenye betri. Taa ya mbele na ya nyuma hazijui betri. Zinakula moja kwa moja kwenye koili ya injini, inayozalisha umeme injini inapozunguka, ndiyo maana ukivuta moto zinang'aa zaidi. Kama honi inalia na taa zote mbili zinazima pamoja, basi globu haina kosa na swichi haina kosa. Kuna mahali waya wa taa umechubuka, ukigusa chuma cha bodi umeme wote unamwagikia hapo na taa zinabaki na njaa. Ukiacha kugusa, zinawaka. Hakuna fyuzi inayoungua, kwa hiyo hakuna alama.

Swali ni moja: nini kinausukuma huo waya uguse chuma? Usukani? Mwambie Brightson asimamishe pikipiki kwa stendi kubwa, injini inaunguruma, taa imewashwa, mtu asipande. Ageuze usukani kushoto na kulia. Kisha aibonyeze siti kwa kiganja, akianzia nyuma kabisa kuja mbele, taratibu, kama anayetafuta jipu. Uandike taa inazima akibonyeza wapi. Uandike hasa.

Zimebaki siku kumi na moja kufika ukaguzi. Namba ile niliisubiri nikiwa nalala kwa watu. Tusiipoteze kwa waya.

Nakupenda hata nikiwa sielewi unachoniandikia.

Albano


Mtoni
Jumamosi, 21 Juni 2025

Albano! Albano! Albano!

Imepatikana! Na hutaamini ni nini, kaa chini, kama umekaa simama halafu ukae tena.

Tulifanya ulivyosema. Injini inaunguruma, hakuna mtu juu yake. Usukani kushoto, mwanga. Kulia, mwanga. Brightson akabonyeza siti nyuma, mwanga. Katikati, mwanga. Akaja mpaka mbele kabisa, pale siti inapogusana na tangi, akabonyeza. Giza, mbele na nyuma. Akaachia, mwanga. Tukatazamana kama watu waliokamata mwizi na mwizi ni ndugu yao.

Akafungua siti. Chini yake, juu ya chuma, kuna waya mbili fupi, nyekundu na nyeusi, zimeunganishwa kwenye waya wa taa kubwa na kufungwa tepu iliyoyeyuka kwa joto. Na ile raba ya mbele inayoinua siti isilale kwenye chuma haipo. Mtu akikaa mbele, siti inashuka, inazikandamiza zile waya mpaka zinaubusu mwili wa pikipiki.

Unajua ni waya za nini? Za harusi yetu! Unakumbuka wenzako wa kijiwe walivyozifunga zile taa za rangi kuanzia usukani mpaka mkiani, siku ya msafara wa kutoka kanisani? Walichukua umeme kwenye taa kubwa, na raba wakaing'oa wapate pa kupitishia waya. Kesho yake wakakata taa zao wakaacha mikia. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yako na shela langu, na zile taa zilikuwa zinapumua na injini. Ukivuta moto zinawaka, ukipunguza zinafifia, nikasema moyoni hata pikipiki leo ina moyo. Kumbe kweli ilikuwa inakula kwenye koili! Sasa nimeelewa umeme, mume wangu, umenifundisha umeme na mapenzi kwa waya mmoja.

Brightson alitaka kuzikata kabisa zile waya. Nimemkatalia. Nitakubalije kukata waya za harusi yangu nikiwa na miezi miwili ya ndoa? Amezifunga tepu mpya, halafu akakata kipande cha kandambili akakiweka mahali pa raba. Tumeijaribu, inawaka.

Kuhusu Valerian na kikaratasi chake, usimhesabu. Siku hizi amezoea kukaa mbele mbele, karibu kabisa na tangi, sijui kwa nini. Labda mgongo.

Wiki moja tu na ukaguzi. Lala usingizi.

Wako, wako, wako,
Adelina


Liwale
Jumatano, 25 Juni 2025

Adelina,

Valerian ana urefu wa mlango. Akipanda ile pikipiki magoti yanagusana na usukani, kwa hiyo anakaa nyuma karibu na mahali pa abiria. Brightson naye ana tumbo, hawezi kusogea kwenye tangi hata akilipwa. Namjua mtu mmoja tu ambaye asipotelezea mbele mpaka kwenye tangi miguu yake haifiki chini. Nilimfundisha mimi mwenyewe kwenye uwanja wa shule, siku za Jumapili, akaligonga goli lisilo na kipa.

Ni wewe.

Tuta, kona ya kushuka, joto la tangi, upepo chini ya kidevu. Nilizisoma mara ngapi nikadhani ni uandishi mzuri tu. Umekuwa unatembea alfajiri bila taa mbele na bila taa nyuma, na malori ya Kilwa Road yanakuja nyuma yako, na mimi nakuandikia habari za globu. Nimesoma tena barua ya kwanza, pale kijana alipogongwa. Koleo nimeliweka chini, mikono imekataa kusuka.

Na mimi niseme langu. Umeme siujui. Sijawahi kuujua. Hapa kuna fundi wa jenereta anaitwa Isack, kila nilichokuandikia ni chake. Alikuwa ananisomea maswali, mimi naandika. Hata kukaa mbele amegundua yeye. Leo kaniuliza, "Huyo Valerian wako ni mfupi kiasi gani?" Nikacheka, nikaanza kumjibu, nikaishia katikati nikaja kuchukua kalamu.

Usiende kwenye ukaguzi. Ingiza pikipiki ndani, funga mlango, mrudishie Nassibu namba. Nitaanza foleni upya nikirudi. Sitaki kubishana kwa barua.

Albano


Mtoni
Jumamosi, 28 Juni 2025, jioni

Mume wangu,

Nilikuwa nimepanga kukuandikia habari njema tu, lakini siwezi kuitoa habari njema bila kutoa na uongo wangu, zimeunganishwa.

Valerian aliondoka tarehe 24 ya mwezi wa tano. Alipata kazi Kurasini. Kuanzia siku ile aliyepanda pikipiki ni mimi. Leseni ninayo, wewe mwenyewe ulinisindikiza kuichukua, na tulicheka kwamba ni ya kutundika ukutani. Nilipanga kuendesha siku mbili tatu, namba isipotee, nimtafute mtu. Kisha mama muuza vitumbua akasema kesho uje tena, na wenzake wakasema na sisi. Kesho yake wakawa sita wanaonisubiri mimi tu, kwa sababu wanasema sikimbii na sinuki sigara. Albano, nilipenda. Nilirudi nyumbani nina vumbi mpaka kwenye nyusi, nikajitazama kwenye kile kioo na nikamwona mtu mwingine kabisa, naye alikuwa mke wako vilevile. Sikujua ningekuelezaje hilo. Basi nikamwandika Valerian.

Leo asubuhi nilikwenda. Pikipiki kumi na nane kwenye mstari. Kijana mmoja, jina lake Talha ila wote wanamwita Kontena kwa ukubwa wake, akanipigia kelele, "Sista, umetuletea chai?"

"Nimeleta namba saba," nikamwambia. "Chai utakunywa ukifeli."

Wakacheka, na yeye akacheka zaidi. Mwenyekiti Nassibu alikuwa amekaa kwenye benchi na daftari, kanzu nyeupe, miwani puani. Nikazunguka mbele yake mara mbili. Taa ikawaka, nyuma ikawaka. Nikadhani nimemaliza. Akanyanyua kalamu. "Bi Adelina, hapa hatukagui pikipiki ya kutembea peke yake. Kontena, panda nyuma yake."

Kontena akapanda. Mume wangu, nilisukumwa mbele mpaka kitovu kikasoma kilomita. Kandambili ikalala, siti ikashuka. Nikaona kwa macho ukuta wa mbele unapoteza mwanga.

"Imezima," Nassibu akasema, si kwa ubaya. Akaweka kalamu kwenye mstari wa namba saba. Wale wanne wa foleni walikuwa wamesimama pembeni na kofia zao mkononi, nao wana wake zao.

Nikasema, "Mwenyekiti, naomba zamu ya mwisho."

"Zamu ya mwisho ipo kwenye sheria. Pikipiki zikiisha, na muda wako umeisha."

Zilikuwa zimebaki kumi na moja. Nikafungua siti palepale mbele ya watu. Nikaomba wembe kwa kinyozi. Na zile waya za harusi, Albano, nilizoshindwa kumruhusu Brightson azikate, nilizikata mwenyewe, nyekundu kisha nyeusi, karibu kabisa na shina. Nililia kidogo, wakadhani ni moshi. Nikabaki nimeshika kidonda cha waya sina cha kukifunga. Kontena akainama, akanipa tepu yake. "Shika, chai," akasema.

Zamu ya mwisho akapanda tena, na mwenyekiti akamwambia arukeruke. Akaruka kama mtoto kwenye kitanda. Taa ikakaza macho, haikupepesa hata mara moja.

Hapo ndipo lilipokuja la pili, na hili ndilo lililonikosesha chakula. Nassibu akauliza, "Jina la mwendeshaji?"

Nikasema, "Albano."

"Simwoni."

"Yuko Liwale."

"Leo nasajili upya. Daftari linaandika aliyekaa kwenye usukani. Nikimwandika mtu wa Liwale, nitawaambia nini hawa wanne wa Mtoni waliosimama hapa?"

Nikawatazama wale wanne na kofia zao. Jua lilikuwa utosini. Nikasema, "Andika Adelina."

Akaandika. Namba saba ni yangu. Nimekuchukulia namba uliyoisubiri mwaka mzima ukilala kwa watu. Nimeiokoa au nimeiiba, mimi mwenyewe sielewi. Nimekaa na chapati mbele yangu tangu saa kumi, imekuwa ngozi ya ngoma.

Nisamehe. Au usinisamehe kwanza, nisome tena toka juu.

Adelina


Mtoni
Jumanne, 1 Julai 2025

Albano,

Barua yako ya tarehe 25 imefika leo. Umeniambia nisiende, nami nilishakwenda. Umeniambia nirudishe namba, nami nimeshaandikwa. Sasa barua yangu iko njiani inakuja kwako na yako iko mkononi mwangu, na nadhani Fredrick amezipishanisha mahali fulani bila kujua amebeba ugomvi kila upande.

Umeandika barua nzima hujaniita mke wako. Nimehesabu.

Nimesoma ile sehemu ya mikono kukataa kusuka nikaketi sakafuni. Sikuwa nimefikiria mikono yako. Nilifikiria namba, nilifikiria mama wa vitumbua, nilifikiria kushinda. Kwa siku zile za giza naomba radhi bila kujitetea. Kila ilipozima nilijiambia ni leo tu.

Kuhusu Isack, mpe salamu. Ningeendelea kukupenda hata kama ungesema umeme unatoka kwenye kisima.

Kesho alfajiri nitaendesha. Wale mama wananisubiri, na taa inawaka. Ukiandika tena kwamba niache, baada ya kusoma zote, nitaacha na nitasimama foleni kwa niaba yako, wa tano. Lakini andika ukiwa umesoma zote.

Adelina, mke wako


Liwale
Jumapili, 6 Julai 2025

Adelina mke wangu, mke wangu, mke wangu (hiyo ni ya leo na mbili za deni),

Nimezisoma zote kwa mpangilio, ya 28 kisha ya tarehe 1. Nimempa na Isack asome, maana pasipo yeye naona sielewi kitu. Alipofika kwa Kontena kurukaruka alicheka mpaka akazima jenereta kwa bahati mbaya, kambi nzima ikapiga kelele. Kisha akavua miwani, akaniuliza, "Umekasirika?" Nikamwambia sijui. Akaniuliza, "Umefurahi?" Nikamwambia sijui. Akasema nikijua nimwambie, anakwenda kulala.

Ni kweli sijui. Kutwa nzima nimekuwa mtu wa mambo mawili. Nikiwaza umempakia Kontena huku wanaume kumi na saba wanatazama, nataka kuficha uso. Hatua mbili baadaye nataka kumsimamisha msimamizi nimwambie mke wangu amekata waya kwa wembe mbele ya kijiwe kizima na taa ikakaa. Namba saba nimeililia kidogo, nisikudanganye. Niliiona kama jina langu. Kisha nikajiuliza, kama ingefutwa ile Jumamosi na kupewa mtu mwingine, ningelia zaidi au kidogo? Zaidi. Kwa hiyo hesabu inasema nimefurahi. Mwili bado haujapata taarifa.

Barua ya tarehe 25 niliandika kwa woga. Woga ule bado ninao. Sikuambii uache. Nakuambia unitumie kwa Fredrick neno moja kila safari: "inawaka". Hata usipoandika kingine.

Nassibu mwambie aniweke kwenye foleni, wa tano. Nitasubiri. Nimeshawahi kusubiri nikiwa sina mke. Safari hii nina mke na wali wa nazi. Na Isack amekubali kunifundisha umeme wa kweli jioni hizi zilizobaki, kuanzia koili, ili ukiniuliza tena nijibu kwa kichwa changu.

Nafika Jumamosi tarehe 19, basi la kutoka Lindi, nitashukia Mbagala Rangi Tatu mchana. Usimtume Valerian. Njoo wewe. Wenzangu wa kijiwe wakituona watapiga miluzi mpaka Mtoni, na mimi sitajua niweke uso wapi, basi nitauweka mgongoni kwako. Begi langu ni dogo. Nitakaa nyuma kabisa, nisikusukume kwenye tangi.

Albano